Kumalizia uzi kwenye ngozi bila kufunga fundo

Pochi na mikanda inayorudi kwangu kutengenezwa, mara nyingi ngozi yake haina neno na mshono wa katikati bado umekaza. Kilichofumuka ni matundu mawili matatu ya mwisho, pale fundi alipofunga fundo, akakata uzi, akahesabu kazi imeisha.

Mimi nashona kwa mkono: uzi mmoja, sindano mbili, moja kila upande. Fundo sifungi. Kijana anayejifunza kwangu aliniuliza, "Sasa mama, bila fundo uzi unashikwa na nini?" Unashikwa na matundu, mwanangu. Kila tundu lina nyuzi mbili zinazopishana ndani yake, ngozi inazibana na nta inazigandisha. Fundo kwenye uzi wenye nta huteleza lenyewe. Lisipoteleza linabaki kinundu, na kinundu ndicho kinachosuguliwa na suruali kutwa hadi kikatike.

Mahali pa kumalizia panachaguliwa kabla hujapiga tundu la kwanza. Kwenye mkanda, sehemu inayoteseka ni pale ngozi inapokunjwa kushika chuma. Kwenye pochi ni kona za mdomo, pale dole gumba linapovuta kila mtu anapotafuta nauli. Ncha za uzi zisiishie hapo. Pochi naianza tundu la tatu kutoka kwenye mdomo: naelekea mdomoni, nikifika ukingoni nageuka na kushona juu ya nilichoshona, kisha naendelea na safari. Kona inapata uzi mara mbili, na mwanzo wenyewe hauna ncha ya kufumuka kwa sababu uzi umeanzia katikati yake. Upande wa pili, nikifika kona ya mwisho, nageuka vilevile, narudi matundu mawili na kumalizia huko ndani.

Uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono, halafu ongeza shibiri moja kwa kila sindano. Ukibania uzi utamalizia ulipokwama, si ulipopanga.

Kurudi nyuma kwenyewe kunataka utulivu. Matundu tayari yana uzi, kwa hiyo yapanue kidogo kwa chuma cha kutobolea, polepole, usije ukachana uzi uliomo. Pitisha sindano ya kwanza. Kabla hujapitisha ya pili, vuta ule uzi wa kwanza pembeni ya tundu na uushikilie hapo. Sindano ya pili ikishapita, chezesha uzi wa kwanza mbele na nyuma. Ukitembea, sawa. Ukigoma, umeutoboa, rudisha sindano kwa kuivuta na jicho lake, urudie. Kaza pande zote mbili kwa nguvu sawa, kisha nenda tundu linalofuata. Kwa pochi narudi matundu mawili, kwa mkanda au mshipi wa begi matatu. Zaidi ya hapo mshono unavimba bila faida.

Ukishafika tundu lako la mwisho, sindano moja iko mbele na nyingine nyuma. Hiyo ya mbele irudishe tundu moja zaidi na kuitokeza nyuma. Sasa ncha zote mbili ziko upande usioonekana, kila moja kwenye tundu lake.

Kuanzia hapa inategemea uzi. Madukani karibu kila uzi mnene wenye nta unauzwa kwa jina hilohilo, uzi wa nta, kwa hiyo jina lisikudanganye. Kata kipande kidogo uchome. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni nailoni au poliesta. Ukiwaka na kuacha majivu yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba au kitani, na huo kiberiti hakiufai.

Uzi unaoyeyuka ukate ubakize milimita mbili. Washa kiberiti cha gesi na utumie sehemu ya buluu, chini ya mwali. Ncha ya njano inatoa masizi, na kwenye ngozi nyeupe hayo masizi hayatoki. Usogeze moto kutoka pembeni mpaka uzi ujikunje, uondoe, na hapohapo ukandamize kwa mgongo wa kijiko. Kidole hapana! Nailoni iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi yako wewe, na utalia. Kinachotakiwa ni kitone bapa kidogo kuliko kichwa cha pini, kimekaa ndani ya mdomo wa tundu. Kikiwa kikubwa na cheusi, umechoma mno: kitakwaruza, na siku moja kitabanduka. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama ya miwati, ina tatizo lake pia: joto likizidi inasinyaa na kuwa nyeusi, na haisameheki. Hiyo naikinga kwa kipande cha bati chenye tundu.

Uzi wa pamba au kitani unategemea kurudi nyuma na gundi. Kabla ya kukaza hatua ya mwisho, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe ya mbao, pakaa uzi kidogo tu, uuvute uingie na gundi yake tunduni. Ikikauka, laza wembe juu ya ngozi na ukate uzi sawasawa na uso wake. Supagluu siipendi. Inaufanya uzi kuwa mkavu unaokatika ukikunjwa, na ikidondoka kwenye ngozi inaacha doa linalong'aa.

Kazi inayoonekana pande zote, kama mshipi wa begi wa ngozi mbili, haina nyuma ya kufichia. Hapo hatua ya mwisho ya kila sindano ipite kwenye ngozi ya upande wake tu, itokee katikati ya zile ngozi mbili, ukingoni. Kata, choma au gundisha, kisha bana na usugue ukingo kama kawaida. Ncha hutaiona tena.

Mwisho funika mshono kwa kitambaa na uugonge taratibu kwa nyundo yenye uso laini, ili matundu yajifunge. Uzi ukiisha katikati ya kazi, mambo ni yaleyale: malizia ule wa zamani kwa kurudi matundu mawili, na uzi mpya uanze matundu mawili nyuma ya pale ule wa zamani ulipogeukia, ili nyuzi hizo mbili zipandane.