Jinsi ya kuandika ripoti ya mwaka ya kazi za urithi wa jamii

Ripoti ya mwaka ya makumbusho ya jamii, kamati ya ukoo au kikundi cha ngoma huandikwa mwaka mzima, mstari kwa mstari, daftarini. Mwezi wa mwisho ni wa kujumlisha tu. Anayengoja mwezi huo huishia kukisia, na mkaguzi akiomba karatasi za mahudhurio, kisio hujulikana papo hapo.

Kwanza amua mwaka unaanza lini. Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mfadhili wako huenda anahesabu Januari hadi Desemba. Ofisi za urithi za makabila ya asili ya Marekani, zinazopata ruzuku ya serikali yao kuu, hufuata Oktoba hadi Septemba. Dawa ni moja: kila kazi iandikwe kwa tarehe iliyofanyika, si tarehe iliyolipwa. Daftari la namna hiyo unaweza kulikata popote mfadhili anapotaka.

Kila mstari uwe na tarehe, kijiji na wilaya, kazi yenyewe, kipimo, idadi, fedha zilikotoka, na namba ya jalada lenye ushahidi. Mstari usio na ushahidi hauingii kwenye jumla. Safu ya fedha ndiyo inayosahaulika zaidi. Semina moja ikilipiwa na wafadhili wawili, kila mmoja akapelekewa ripoti inayodai washiriki wote ni wake, umeripoti watu mara mbili. Michango ya jamii nayo iandikwe: mafungu ya nyasi, siku za kazi, chakula, pamoja na thamani yake kwa bei ya pale kijijini.

Makosa mengi hutokea kwenye kuhesabu watu. Mikutano minne yenye watu 25 kila mmoja ni mahudhurio 100, lakini pengine waliokuja ni watu 31 tu, wale wale wakirudi. Ripoti namba zote mbili na useme ipi ni ipi. Pia tenganisha kazi na matokeo. Chukua Bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu wa Busoga, mashariki mwa Uganda, ulioingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kusema vijana 20 walifundishwa hakutoshi. Msomaji anataka kujua wangapi sasa wanaweza kupiga sehemu yao hadi mwisho bila mwalimu, wangapi wanaweza kutengeneza tarumbeta, na kama kuna mtu anayepanda vibuyu vyenyewe, maana bila vibuyu hakuna muziki. Vivyo hivyo kwa mutuba, mti unaotoa gome la kutengenezea lubugo, yaani kitambaa cha gome: miche iliyogawiwa ni namba moja, iliyo hai baada ya miezi 12 ni nyingine, na hii ya pili ndiyo yenye uzito.

Kwa viwianishi vya maeneo, yaani namba za latitudo na longitudo, angalia alama ya kutoa. Ikweta inaipasua Uganda, na sehemu zilizo kusini yake huandikwa kwa latitudo hasi. Ukiiacha alama hiyo, eneo lililo Mbarara, kwenye -0.61, linarukia karibu na Kyenjojo, na ramani haitakuonya. Kosa la pili ni kuchanganya vipimo vya simu na vya ramani za zamani za 1:50,000. Simu hutumia mfumo wa viwianishi uitwao WGS84, ramani zile hutumia mwingine, Arc 1960, na tofauti yao ni takriban mita 300, inayotosha kuliweka kaburi ng'ambo ya barabara. Andika jina la mfumo kando ya namba.

Ukubwa wa ardhi uwe kwa kipimo kimoja. Watu watakutajia desimali, kipimo cha ardhi: desimali 100 ni ekari moja, na ekari 2.47 ni hekta moja. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu desimali 11.5.

Hali ya jengo isielezwe kwa neno "nzuri" peke yake. Weka ngazi na uzifafanue: paa la nyasi ni "hatarini" ukiona mwanga kupitia nyasi au maji yakifika kwenye nguzo. Piga picha ukisimama pale pale, mwezi ule ule kila mwaka, na kijiti chenye alama za sentimita kikionekana. Picha ya kiangazi ikilinganishwa na ya masika haithibitishi kitu. Taja pia mitungi ya kuzima moto na tarehe ilipokaguliwa. Baada ya Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, kuungua Machi 2010, na kubaki kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini hadi 2023, hakuna sababu ya kuliruka jambo hilo.

Kama eneo linalindwa kisheria, ukarabati bila idhini ya Idara ya Makumbusho si mafanikio ya kuripoti, ni tatizo. Taja tarehe na namba ya barua ya idhini.

Kisha kuna yasiyopaswa kuonekana. Tengeneza nakala mbili. Ya ndani ina kila kitu. Ya kutolewa ipunguze viwianishi vya sehemu za ibada na za kuzikia hadi tarakimu mbili baada ya nukta, yaani usahihi wa kama kilomita moja, maana wachimbaji wa vitu vya kale nao husoma ripoti. Wazee wakikataza wimbo au ibada kurekodiwa, andika "haikurekodiwa kwa uamuzi wa jamii", usiache nafasi tupu itakayoonekana kama uzembe. Karatasi za mahudhurio zenye namba za simu zisiambatanishwe; Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihusu.

Kabla ya kutuma, isomwe kwa sauti mbele ya kamati, kwa lugha yao. Wazee hugundua haraka kijiji kilichotajwa bila kufikiwa. Kisha peleka nakala kwa mfadhili, kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, na kwa taasisi ya kitamaduni inayohusika. Kosa likigunduliwa baadaye, usibadilishe namba kimyakimya; andika ukurasa mmoja wa masahihisho, uutie tarehe, na umpelekee kila aliyepokea ile ya kwanza.