Somo: mgogoro na ishara katika tamthilia ya onyesho moja

Nimechoka kuulizwa swali lile lile kila jioni, "mgogoro na ishara za tamthilia tunaziandikiaje jibu?", naandika mara moja. Mfano ni Riders to the Sea ya J. M. Synge, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Ni fupi, na mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa kungoja chombo kisichorudi.

1. Isome yote bila kuinuka.

2. Nani anataka nini, nani anamzuia? Bartley anataka kuvuka bahari na farasi akauze gulioni. Mama yake, Maurya, hataki.

3. Ishara. Hapa ndipo nilipochemsha. Kidato cha sita niliandika "bahari ni kifo", nikapiga mstari, nikaenda zangu. Mwalimu akanirudishia karatasi na swali moja: "Na dagaa uliokula jana wametoka wapi?" Bahari ile inalisha na inaua, ndiyo maana Bartley hawezi kubaki. Tangu hapo nafuata kitu kinakokwenda. Mbao nyeupe zilinunuliwa kwa jeneza la Michael, kaka yake Bartley aliyepotelea baharini. Mwisho zinamngoja Bartley. Kamba ya kushushia jeneza, Bartley anaifanya hatamu. Mkate ambao mama alimpelekea Bartley njiani unarudi mkononi mwa mama, na baraka ya safari haikutamkwa. Usipange ishara kama bei za sokoni! Kitu kisichobadili mkono wala kazi, kiache.

4. Aya ya jibu lako ianze na kitu, mgogoro ufuate.

MASWALI

Mdau wa Kasulu: Naomba ishara zote, mtihani kesho.
— Hatua ya 3.

Mdau wa Kasulu: Nimesoma, sijaona orodha.
— Kwa sababu haipo.

Binti Ujiji: Shikamoo mwalimu. Ile soksi ya Michael ni ishara, au ya kumtambua marehemu tu?
— Marahaba. Yote mawili. Nora, dada yake Michael, ndiye aliyeifuma: alianza mishono 60, akaachia 4. Kosa la mkono wake ndilo linalomhakikishia kwamba kaka hayupo. Angalia pia anahesabu wapi: kwa siri, yeye na dada yake Cathleen, mama asijue. Huo ni mgogoro mwingine, wa kunyamaza.

Fundi wa Kibirizi: Mimi naunda mitumbwi, fasihi siijui. Mbao za jeneza zipo, misumari je?
— Mama alisahau kununua, mzee wangu. Hata mwanamume mmoja mle ndani anashangaa, kwa majeneza yote aliyoyaona mama yule.

Fundi wa Kibirizi: Hakusahau huyo. Hakutaka lifungwe.