Nyanda za Juu Kusini za Mirihi: kufundisha jiografia ya sayari nyingine chuoni

Kama Tanzania, Mirihi nayo ina nyanda za juu kusini. Nusu ya kusini ya sayari hiyo imeinuka na kujaa kasoko, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Ya kaskazini ni tambarare zilizo chini yake kwa takribani kilomita 5. Mkufunzi wa jiografia aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe ana bahati: wanachuo wake wameshaona volkano, kingo za bonde la ufa na makorongo yaliyochimbwa na maji. Anzia hapo. Ukianza na swali la viumbe, kipindi kizima kitaliwa na ubishi.

Kwanza, ondoa bahari

Urefu wote kwenye ramani zetu huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na hakuna anayeuliza mita hizo zinaanzia wapi. Mirihi haina bahari. Wape wanachuo dakika 20, katika vikundi vya watu wanne au watano, wapendekeze sifuri yao wenyewe kabla hujawaambia chochote.

Wengi watachagua mahali pa chini kabisa, yaani kitako cha bonde la Hellas. Usiwakatalie, waachie hesabu iwajibu. Kwa sifuri inayotumika sasa, mlima Olympus Mons una kilomita 21.9 na kitako cha Hellas kiko kilomita 8 hivi chini ya sifuri. Kwa sifuri yao, mlima uleule unakuwa na karibu kilomita 30. Mlima haujaongezeka hata inchi. Sasa ndipo uwaeleze sifuri halisi: ni uso wa kufikirika ambao nguvu ya mvutano imeusawazisha kama ambavyo ingesawazisha maji, na wastani wa nusukipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 3,396.

Longitudo nayo ina sifuri ya kuchagua. Badala ya Greenwich kuna kasoko ndogo iitwayo Airy-0, yenye upana wa karibu nusu kilomita. Hapa pana mtego. Ramani za sasa huhesabu longitudo kuelekea mashariki, 0 hadi 360, lakini nyingi za zamani zilihesabu kuelekea magharibi. Olympus Mons iko nyuzi 226 mashariki, ambazo ni sawa na 134 magharibi. Kikundi kikichanganya ramani mbili bila kusoma pembeni mwake, mlima utaangukia upande mwingine wa sayari.

Tufe la mpira wa miguu

Picha za kwenye simu hazitoshi, maana mwanachuo hapati ukubwa mkononi. Tengenezeni tufe. Mpira wa miguu namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Mzingo wa Mirihi kwenye ikweta ni kilomita 21,340, kwa hiyo mkiukuza mpira hadi sentimita 71 mnapata skeli safi: sentimita 1 kwa kilomita 300.

Ufungeni mpira kwa mfuko laini wa plastiki ili karatasi isigande. Chaneni magazeti vipande vya upana wa sentimita 3, chovyeni kwenye uji wa unga wa ngano, kisha bandikeni tabaka tatu tatu, na kila tatu zikauke kabisa kabla ya kuendelea. Tabaka la mwisho liwe la karatasi iliyolowekwa na kupondwa. Hili ndilo mtakalolinenepesha mpaka utepe wa fundi cherehani usome 71. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kazi hukauka vizuri hata kwa baridi ya huku. Msimu wa mvua uji huchacha na karatasi huota ukungu, hivyo tieni kijiko cha chumvi kwa kila lita ya uji na msirundike tabaka mbichi. Likishakauka, kateni tufe kwenye ikweta kwa wembe, toeni mpira, unganisheni tena.

Rangi msinunue. Chekecheni udongo mwekundu, changanyeni na gundi nyeupe, pakeni. Wekundu wake unatokana na chuma kilichooksidika, na vumbi la Mirihi lina wekundu wa asili hiyohiyo.

Kuchora latitudo na longitudo ni rahisi kwa skeli hii, kwani nyuzi 10 kwenye ikweta ni karibu sentimita 2. Tatizo liko kwenye hilo "karibu". Mwenye kupima sentimita mbili mbili kwa rula kuanzia sifuri ataikuta nafasi ya mwisho imepungua kwa sentimita nzima, maana 36 mara 2 ni 72, si 71. Njia ya uhakika ni utepe wa karatasi wenye urefu wa mzingo: ukunje upate sehemu nne sawa, kila robo uigawe sehemu tisa.

Kisha wekeni alama hizi: Olympus Mons (19 kaskazini, 226 mashariki), Hellas (42 kusini, 70 mashariki), katikati ya Valles Marineris (14 kusini, 301 mashariki) na kasoko ya Jezero (18 kaskazini, 77 mashariki).

Waambie sasa wafinyange mlima, na usiseme neno. Watajenga kichuguu cha sentimita tatu. Wakishamaliza, wapige hesabu: upana wa kilomita 600 ni sentimita 2, na urefu wa kilomita 21.9 ni kama milimita 0.7 tu, sawa na tone la gundi lililosambaa. Valles Marineris, korongo la kilomita 4,000 ambalo kina chake hufika kilomita 7, ni mkwaruzo wa sentimita 13 usiofika robo milimita. Kosa hili la skeli ndilo kubwa kuliko yote katika somo hili, na likisahihishwa kwa vidole halirudi.

Kutoka Rungwe hadi Olympus

Chukua ramani ya Tanzania na bikari. Kituo kiwe Mbeya mjini, nusukipenyo kilomita 300. Iringa itaingia ndani ya duara, karibu na ukingo. Hilo ndilo eneo la mlima mmoja.

Baadaye wachore mkato kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 kwa kilomita 50, mlalo na wima. Mlima utatoka na urefu wa milimita 4 tu kwa upana wa sentimita 12. Wauchore tena wima ikiwa sentimita 1 kwa kilomita 5, na waandike chini ya mchoro kwamba wima umekuzwa mara 10. Mchoro usio na maandishi hayo upunguziwe alama bila huruma.

Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, una miteremko mikali zaidi. Swali la kujadili ni kwa nini Olympus ikawa kubwa hivyo. Lava yake ilikuwa nyepesi ikatiririka mbali; mvutano ni mdogo, mita 3.7 kwa sekunde mraba. Na gamba la Mirihi halina mabamba yanayosogea, basi lava ilitokea palepale kwa muda mrefu mno.

Valles Marineris ifananishwe na ufa wa Rukwa, lakini kwa tahadhari. Wanachuo hupenda kusema limechimbwa na mto. Chanzo chake kikuu ni gamba kuvutwa na kupasuka. Maporomoko ya ardhi na maji yalikuja kulipanua. Kwa alama za maji, tumia korongo la Isimila karibu na Iringa, ambako nguzo zimesimama baada ya mmomonyoko kula kilichokuwa kati yake. Jezero, yenye upana wa kilomita 45, ina delta, na ndiyo sababu gari la utafiti la Perseverance lilitua humo tarehe 18 Februari 2021.

Ziara ya Ngozi na Kimondo cha Mbozi inafaa, mradi mambo mawili yasemwe kabla ya safari. Ziwa Ngozi limo ndani ya kaldera ya volkano. Halikuchimbwa na kimondo. Na kimondo cha Mbozi ni cha chuma, hakikutoka Mirihi.

Kusoma picha

Chapisha picha mbili za eneo lenye ukubwa uleule, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na wahesabu kasoko zenye upana wa zaidi ya kilomita 5. Penye kasoko nyingi ni pakongwe, maana pamepigwa na vimondo kwa muda mrefu zaidi. Bila kikomo cha upana, mwenye macho makali ataonekana kuwa na ardhi kongwe zaidi.

Baadhi watashikilia kwamba kasoko zao ni vilima. Si uzembe: jicho huchukulia kuwa mwanga unatoka juu ya karatasi. Wageuze picha juu chini, na vilima vitazama.

Kwa mtihani, wape ramani ya urefu isiyo na majina, wachague mahali pa kutua chombo na watoe sababu tatu: urefu, mteremko na umri wa ardhi. Mahali pa chini hupata alama zaidi, maana hewa ya Mirihi ni hafifu, chini ya asilimia 1 ya yetu, na mwavuli unahitaji kila kilomita ya hewa inayopatikana. Atakayechagua kilele cha Olympus kwa sababu ni maarufu, mrudishie karatasi.