Kuchagua mota ya lifti ya boti inayosimama kwa miguu yake, kwa maji yetu ya Dar

Wakuu, karibu kila anayeniuliza kuhusu mota ya lifti anaanza na "HP (nguvu farasi) ngapi inatosha". Mi namrudisha kwanza kwenye boti yenyewe, ina kilo ngapi, na pale unapoiweka maji yanapanda na kushuka kiasi gani. Naongelea ile lifti iliyokita miguu yake chini majini bila kufungwa kwenye gati, ina winchi na kamba ya chuma inayonyanyua kitanda na boti juu yake. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maziwa, maji yametulia tu pale. Huku kwetu siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) kutoka kupwa mpaka kujaa maji yanaachana zaidi ya mita 3, kwahiyo kitanda kinasafiri mbali na mota inafanya kazi muda mrefu, na yenyewe lazima ikae juu kuliko maji ya bamvua pamoja na mawimbi ya kusi.

Uzito usichukue ule wa kwenye karatasi, ule mara nyingi ni wa boti tupu. Jumlisha mashine, betri, nanga na kamba zake, mafuta (lita 200 za petroli ni kama kilo 150 hivi), alafu kumbuka masika. Boti ikiachwa juu ya lifti bila turubai na kizibo cha nyuma hakijatolewa, mvua ya usiku mmoja inaweza kukuachia lita 300 ndani, hizo ni kilo 300 ambazo mota haikupigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe nyepesi. Kilo zidisha kwa 10, zidisha kwa mita unazonyanyua, gawanya kwa sekunde unazotaka itumie, unapata wati. Tuseme boti ya kilo 1,500, mita 2, dakika 4 yani sekunde 240: inakuja wati 125. Ila gia na puli zinakula nguvu nyingi, mi huwa nazidisha mara tatu, inafika wati 375 ambayo ni kama nusu HP. Umeona? Nusu tu. Ukitaka ipande kwa dakika 1 ndo utahitaji mota kubwa mara nne, na kiukweli sioni haraka ya nini, boti ikipanda taratibu unapata muda wa kuona kama imekaa vizuri kwenye magogo ya kitanda.

Sasa umeme, na hapa ndo watu wanapoumia. Nilishanunua mota ya mtumba kwa muuzaji mmoja, kibao chake kimepakwa rangi juu, nikaja kukikwangua na kisu nishalipa: volti 115, Hz 60 (Hz ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde). Nikaambiwa weka transfoma tu. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi Hz, na sisi umeme wetu ni volti 230 Hz 50. Mota ya aina ile ikipewa Hz 50 inazunguka polepole zaidi, kama sehemu tano kwa sita ya mwendo wake, na inachemka. Safari ya nne tu nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, fundi wa kusuka mota alivyoifungua waya wote umekuwa mweusi. Kwahiyo soma kibao kabla hujatoa hela. Na ukikuta S2 na dakika 15, maana yake inafanya kazi dakika hizo kisha ipumzishwe mpaka ipoe.

Mi binafsi kwa baharini napendelea mota ya volti 12 ya betri. Watoto wanaogelea hapohapo, wavuvi wanapita na miguu kwenye maji, sitaki volti 230 karibu nao. Kama lazima utumie wa TANESCO, weka breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, na uijaribu kwa kitufe chake kila mwezi. Ya betri haijali umeme kukatika pia. Mota ile ya wati 375 inavuta kama ampia 31, kwa dakika 4 ni ampia-saa 2 tu, paneli ndogo ya sola inazirudisha bila shida. Ila betri iwe karibu: ukivuta waya wa milimita za mraba 6 mita 10 kwenda na 10 kurudi unapoteza karibu volti 2 njiani na mota inalegea, wa milimita za mraba 25 unapoteza chini ya nusu volti.

Kuna mota za kukaa moja kwa moja kwenye shafti ya winchi na kuna za kirola cha mpira kinachosugua gurudumu la winchi. Cha mpira ni rahisi kufunga, ila gurudumu likilowa kinateleza. Boti nzito chukua ya shafti.

Upande wa kuzunguka usiupuuze kabisa. Winchi nyingi breki yake inashika upande mmoja tu, kamba ikizungushwa kinyume breki haishiki na boti inaweza kushuka yenyewe na mtu yuko chini. Jaribu kitanda kikiwa kitupu, nyanyua kidogo, achia swichi, kisishuke hata kidole.

Mota iwe IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji ya kurushiwa) au zaidi, na bolti ziwe stenlesi 316, za kawaida chumvi inazila upesi. Siku ya kwanza nyanyua wakati wa maji mafu (siku maji hayapandi wala kushuka sana), boti ikiwa nyepesi, na klampu mita (kipimo cha ampia kinachobana waya) iko kwenye waya. Ampia zikizidi za kwenye kibao simamisha ukague puli, usikimbilie kulaumu mota, mara nyingi utakuta chaza wameotea kwenye puli na kamba inapita kwa kukwaruza.