«No module named 'django'»: jinsi ya kuufufua mradi uliotoka kompyuta nyingine

Kosa hili likitokea, mara nyingi moduli (kifurushi cha msimbo ambacho programu yako inakiita) ipo kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba Python inayoendesha mradi wako siyo ile uliyoiwekea hiyo moduli. Ukilishika hilo mapema, hutachoma bando kupakua kitu ambacho tayari unacho.

Nimeandika haya baada ya kukaa na mdogo wangu mmoja aliyeko fildi kwenye ghala la nafaka jirani na soko la Soweto, Mbeya mjini. Mwenzake wa Iringa alitengeneza kwa Django (zana ya Python ya kujengea tovuti) mfumo wa kuandika mchele na maharage yanayoingia na kutoka stoo, akaweka folda nzima kwenye flashi, flashi ikaja na basi. Iringa mfumo ulikuwa unafanya kazi. Mbeya ukagoma. Maelezo yote ni ya Windows, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za huku kwetu.

Hatua ya 1: Soma mstari wa mwisho, siyo wa kwanza

Python inapoanguka inamwaga mistari mingi. Jibu liko chini kabisa. Kama pameandikwa `ModuleNotFoundError: No module named 'rest_framework'`, kinachotafutwa ni kitu cha nje. Kama jina ni la folda yako mwenyewe, mfano `'stoo.urls'`, usiguse pip (programu inayopakua na kuweka pakeji, yaani moduli za watu wengine) kabisa; nenda hatua ya 5.

Django yenyewe huongeza sentensi ndefu inayoanza na `Couldn't import Django` na kuishia kwa kuuliza kama umesahau kuwasha mazingira ya mradi (folda, mara nyingi huitwa `venv`, yenye Python na pakeji za mradi huo peke yake). Sentensi hiyo inadanganya kidogo, maana unaweza kuwa umeyawasha na bado ikakuuliza. Ndiyo sababu hatua inayofuata ni ndefu.

Hatua ya 2: Jua ni Python ipi inayokujibu

Nilipofika pale ghalani nilionyeshwa kioo. «Kaka, mbona nimeshaiweka? Ona, yenyewe inasema ipo.» Na kweli, aliandika `pip install django` na pip ikajibu:

    Requirement already satisfied: django in c:\users\hp\appdata\local\programs\python\python39\lib\site-packages

Akaandika `python manage.py runserver`, akaambiwa Django haipo. Watu wengi wakifika hapa huanza kufuta Python na kuirudisha. Usifute chochote. Rudi kwenye huo mstari wa pip, uangalie njia ya folda iliyotajwa: `python39`. Sasa muulize python mwenyewe:

    python -c "import sys; print(sys.executable)"

Ikajibu njia inayoishia na `Python312\python.exe`. Kwa hiyo kwenye kompyuta ile `pip` ilikuwa ya Python 3.9, na `python` ilikuwa 3.12. Kila moja ina stoo yake ya pakeji, na haziazimani. Hili hutokea kwa sababu Windows hutafuta kila amri kwa kufuata orodha ya folda iliyo kwenye PATH, na inachukua ya kwanza inayokutana nayo. `pip` na `python` ni faili mbili tofauti, kwa hiyo zinaweza kupatikana kwenye folda mbili tofauti.

Ndiyo maana mimi siandiki kamwe `pip install` peke yake, na ninaowafundisha nawakataza. Andika hivi siku zote:

    python -m pip install jina-la-pakeji

Hapo unaiambia Python hiyohiyo itakayoendesha mradi iite pip yake. Herufi chache zaidi, na tatizo zima la pip kuwa ya jirani linaondoka.

Ili kuona Python zote zilizopo:

    where python
    py -0

Hapa kuna mtego. `where python` inafanya kazi kwenye dirisha la kawaida la amri, yaani cmd. Kwenye PowerShell, dirisha lingine la amri la Windows, neno `where` ni amri nyingine kabisa, na utaona ukimya tu, bila kosa lolote. Huko andika `where.exe python`. Kwa kazi hii mimi nachagua cmd, kwa sababu PowerShell ina kizuizi kingine pia: mara nyingi inakataa kuwasha mazingira ya mradi ikisema `running scripts is disabled on this system`. Ukilazimika kuitumia, endesha mara moja tu:

    Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

Mtego wa pili: ukiona njia yenye `WindowsApps\python.exe`, hiyo inaweza isiwe Python. Windows 10 na 11 huja na kijifaili kinachokupeleka kwenye duka la Microsoft. Kizime kwenye mipangilio, sehemu iitwayo «App execution aliases».

Mtego wa tatu ndio mkubwa, na ndio uliokuwa umeukamata mradi wa ghalani. Folda iliyotoka Iringa ilikuwa na `venv` ndani yake. Mdogo wangu aliiwasha kwa `venv\Scripts\activate`, na mwanzoni mwa mstari pakatokea `(venv)` kama inavyotakiwa. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Lakini `where python` haikutaja folda ya mradi hata kidogo.

Fungua faili la `activate.bat` kwa Notepad utaona sababu. Ndani yake pameandikwa njia kamili ya mahali `venv` ilipozaliwa, kwenye kompyuta ya Iringa, yenye jina la mtumiaji wa Iringa. Faili hilo likiendeshwa Mbeya linaongeza kwenye PATH folda ambayo Mbeya haipo. Windows haioni kitu hapo, inasonga mbele na kuchukua Python ya mfumo. Alama ya `(venv)` inatokea hata hivyo, kwa sababu kuandika alama ni kazi tofauti na kupata Python. Ukiwasha kupitia PowerShell dalili hubadilika: faili lake linatafuta njia ya sasa, halafu unapata `No Python at` ikifuatwa na njia ya Iringa. Na ukiita `pip.exe` iliyo ndani ya folda hiyo moja kwa moja, inasema `Fatal error in launcher`. Dalili tatu, ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo usiamini `(venv)`. Amini `where python`. Mstari wa kwanza wa jibu lake lazima uwe ndani ya folda ya mradi wako.

Hatua ya 3: Chukua habari kwenye venv ya zamani, kisha uifute

`venv` haihamishwi, si kwa flashi, si kwa zipu ya WhatsApp. Hata kubadili jina la folda ya mradi kwenye kompyuta hiyohiyo kunaiharibu. Hutengenezwa upya kila mahali.

Lakini kabla ya kuifuta, ipekue. Faili la `pyvenv.cfg` lina mstari unaoanza na `version`. Pale palikuwa na 3.11. Hiyo ndiyo Python iliyotumika Iringa. Kisha fungua `venv\Lib\site-packages`. Kila folda inayoishia na `.dist-info` ina jina la pakeji na toleo lake, mfano `Django-4.2.7.dist-info`. Kama mwenzako hakukupa `requirements.txt`, yaani orodha ya pakeji za mradi, hapo unaweza kuiandika upya bila kumsumbua. Akipatikana kwa simu ni bora zaidi: awashe mazingira yake, aendeshe `python -m pip freeze > requirements.txt`, akutumie faili hilo tu.

Toleo la Python lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Django 4.2 inakubali Python 3.8 hadi 3.12. Django 5.2, iliyotoka Aprili 2025, inataka 3.10 kwenda juu. Ukiendesha mradi wa Django 3.2 kwenye Python 3.12 utaambiwa `No module named 'distutils'`. Hiyo ilikuwa sehemu ya Python yenyewe, ikaondolewa kwenye 3.12 mwaka 2023. `cgi` nayo ikaondolewa kwenye 3.13 mwaka 2024. Ukiona mojawapo ya majina hayo, tatizo ni umri wa Django dhidi ya umri wa Python. Kwa `distutils` unaweza kuweka `setuptools` ikakuvusha, lakini hicho ni kiraka. Shusha Python au pandisha Django.

Sakinisha toleo la Python unalolihitaji (kuwa na mawili au matatu si tatizo), halafu ukiwa kwenye folda yenye `manage.py`:

    rmdir /s /q venv
    py -3.11 -m venv venv
    venv\Scripts\activate
    where python

Wapo wanaopenda Anaconda, mkusanyiko mkubwa wa Python na pakeji zake. Kwa mradi wa Django kwenye kompyuta yenye diski ndogo na bando la kuhesabu, sioni sababu. `Venv` inakuja na Python na inatosha.

Hatua ya 4: Weka pakeji kwa majina yao halisi

    python -m pip install -r requirements.txt

Kama huna orodha na unaweka moja moja, kumbuka kwamba jina kwenye kosa mara nyingi si jina la kupakulia. `rest_framework` inapatikana kwa jina la `djangorestframework`. `corsheaders` ni `django-cors-headers`. `PIL` ni `Pillow`, `dotenv` ni `python-dotenv`, `MySQLdb` ni `mysqlclient`. Usibahatishe jina. Mtu yeyote duniani anaweza kupandisha pakeji kwenye PyPI, ghala la mtandaoni ambalo pip inapakulia, na wapo wanaotega kwa majina yanayofanana na ya pakeji maarufu. Soma kwanza ukurasa wa pakeji yenyewe.

`mysqlclient` ikigoma na kutaja `Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required`, maana yake pip haikupata faili lililokwisha tengenezwa kwa toleo lako la Python, ikajaribu kulijenga yenyewe. Usikimbilie kupakua Visual Studio, ni mzigo mkubwa. Jaribu kwanza Python ya nyuma kidogo. Kwa ghala dogo lenye mtu mmoja anayeandika, mimi ningebaki na SQLite, hifadhidata ya faili moja ambayo Django inaanza nayo.

Kwa wenye bando dogo: nenda penye intaneti nzuri, upakue mara moja kwenye folda:

    python -m pip download -r requirements.txt -d pakeji

Ibebe kwa flashi, kisha kwenye kompyuta isiyo na mtandao:

    python -m pip install --no-index --find-links pakeji -r requirements.txt

Folda hii, tofauti na `venv`, inahamishika. Sharti ni kwamba kompyuta ya kupakulia iwe na Windows na toleo lilelile la Python, maana baadhi ya pakeji, kama Pillow, hutengenezwa kwa kila toleo peke yake.

Ukiona kosa la cheti, lenye maneno `certificate is not yet valid`, angalia saa ya kompyuta. Kompyuta za mtumba ambazo betri ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka nyuma kila zikizimwa. Rekebisha tarehe, endelea.

Hatua ya 5: Kama jina linalokosekana ni lako

Hakikisha uko kwenye folda yenye `manage.py`, andika `dir` uione. Linganisha jina la folda na lililoandikwa kwenye `INSTALLED_APPS` ndani ya `settings.py`, herufi kwa herufi. Na kama umeambiwa `'django' is not a package`, tafuta faili uliloliita `django.py`. Python inalisoma hilo kabla ya Django halisi. Libadilishe jina.

Hatua ya 6: VS Code

Ukiona kwenye VS Code (programu ya kuandikia msimbo) mistari ya mawimbi chini ya `import` wakati mradi unaendeshwa vizuri: bonyeza Ctrl+Shift+P, chagua «Python: Select Interpreter», elekeza kwenye `venv\Scripts\python.exe`.

Hatua ya 7: Washa

    python manage.py check
    python manage.py migrate
    python manage.py runserver

`check` ikisema `System check identified no issues`, moduli zote zimeonekana. Ukitaka mtunza stoo aufungue mfumo kwa simu yake, unganisha simu na kompyuta kwenye mtandao mmoja, endesha `python manage.py runserver 0.0.0.0:8000`, ruhusu Python kwenye ukuta wa moto wa Windows inapouliza, kisha tafuta anwani ya kompyuta kwa `ipconfig` na uiongeze kwenye `ALLOWED_HOSTS` ndani ya `settings.py`. Bila hiyo simu itaonyesha `DisallowedHost`, na kwenye ujumbe huohuo Django itakuwa imekutajia anwani ya kuongeza.