Vitabu vya falaki (unajimu) na mambo ya ghaibu: namna ya kumchagulia mtu na kuvijadili barazani

Mtu akikujia barazani na kukwambia, "Maalim, nipe kitabu cha mambo ya siri nisome," usimjibu kwa jina la kitabu. Muulize kwanza: anataka kutenda, anataka kujua, au anataka kutishika kidogo kabla ya kulala? Hawa watatu hawasomi kitabu kimoja, na ugomvi mwingi juu ya vitabu hivi huzuka kwa sababu huyu amepewa kilichomfaa yule. Anayetaka kutishika ukimpa jadwali, yaani miraba iliyojazwa herufi au nambari, atakurudishia kesho hata hajafungua. Anayetaka kujua ukimpa hadithi za kubuni, atazishika kama ushahidi na kuzitembeza mji mzima.

Anayetaka kutenda si wa kupewa kitabu. Mara nyingi ana maradhi, ana deni, au ndoa yake inayumba, na kila moja ya hayo ina mahali pake: hospitali, kwa mdai wake, kwa kadhi. Tena vitabu vya kutendea viliandikwa kwa mtu ambaye tayari ana mwalimu na ijaza (idhini ya mwalimu huyo), ndiyo maana huruka hatua. Kitasema "andika jadwali kwa sharti zake" na sharti zenyewe zisitajwe popote, kwa kuwa mwanafunzi alikwisha kuzisikia kwa mdomo. Msomaji wa peke yake hujaza pengo hilo kwa kubahatisha.

Anayetaka kujua ndiye wa kushughulikiwa. Kama amepita chuo cha Kurani na Kiarabu chake kinamtosha, mwanzishe na Muqaddima ya mwanahistoria Ibn Khaldun, iliyoandikwa 1377. Humo mna milango juu ya sihri (uchawi) na talasimu (hirizi za nyota), siri za herufi, na zairaja (jadwali ya kutolea majibu kwa herufi), na mwingine wa kuwapinga wanajimu. Uzuri wake ni kwamba mwandishi anaieleza kazi inavyofanywa kabla ya kuikosoa, jambo ambalo wakosoaji wengi hawana subira nalo. Asiyesoma Kiarabu ataipata kwa Kiingereza cha Franz Rosenthal, juzuu 3, za 1958. Kuna pia muhtasari wa juzuu moja wa 1967. Huo umepunguzwa, kwa hiyo mlango usipoonekana humo mtu asikimbilie kusema kwamba Ibn Khaldun hakuuandika.

Baada ya hapo mpe kazi ya mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard ya 1937 juu ya uchawi na kupiga bao kwa Wazande, kabila la Afrika ya Kati. Usimpe kitabu kizima, mpe kwanza sehemu ya ghala. Wazande hukaa chini ya ghala la nafaka kujikinga na jua. Mchwa wanakula nguzo, ghala linaanguka, watu wanaumia. Wenyewe wanajua vizuri kwamba ni mchwa. Wanachouliza ni kwa nini liwaangukie watu wale, na liwaangukie saa ile ile waliyokaa. Mtu wa Lamu anayejua jinsi boriti inavyoliwa ndani kwa ndani huku nje imebaki nzima hahitaji kufafanuliwa. Kurasa hizo chache zinatosha kikao kizima, na kosa la kulichunga ni moja: mmoja atasema "hao ni Wazande, si sisi," mwingine atasema "ndivyo tulivyo hasa," na wote wawili watakuwa wameukimbia ukurasa. Warudishe kwenye mstari, waonyeshe kwa kidole mwandishi anasema nini.

Wa kutishika naye ana haki yake, ila mwambie waziwazi kwamba anachosoma ni hadithi. Mfano mzuri wa madhara ya kutosema ni ile Necronomicon. Kitabu hicho kilibuniwa na mtunzi wa hadithi wa Marekani, H. P. Lovecraft, miaka ya 1920, akakipa mwandishi Mwarabu wa kubuni aitwaye Abdul Alhazred. Mwaka 1977 mtu aliyejiita Simon akatoa New York kitabu chenye jina hilo, na mpaka leo kuna wanaokitafuta kama siri ya kale. Mtoto wa chuo cha Kurani angeshtuka kwenye jina tu: "Abdul" tayari ina "al" yake, halafu "Alhazred" inaleta nyingine. Kiarabu hakiendi hivyo.

Sasa nakala yenyewe. Kabla ya kubishana kama majini wapo au hawapo, kipime kitabu kama kitabu, kwa maana nusu ya "siri" zinazosumbua watu ni makosa ya chapa.

Anza na pambizo. Chapa za mawe za Cairo za zamani mara nyingi zina kitabu cha pili kilichopigwa hamishini, yaani pambizoni, kikizunguka kile cha kati. Tazama ukurasa wa jina: ukiona maneno "wa bihamishihi", basi mikononi una vitabu viwili. Watu hunukuu hamishi wakidhani ndiyo matini, halafu wenzao wenye chapa nyingine hawaioni na wanawaita waongo. Kwa sababu hiyo hiyo usitaje nambari ya ukurasa peke yake mkiwa na chapa tofauti. Taja mlango na maneno matatu manne ya mwanzo.

Kisha nukta. Nakala iliyopigwa fotokopi mara tatu nne hupoteza nukta, na katika abjadi, hesabu inayoipa kila herufi nambari yake, nukta ni pesa taslimu: ba ni 2, ta ni 400, tha ni 500, jim ni 3, ha yake (ح) ni 8, kha ni 600. Tarakimu nazo zina mitego yake. Tano ya Kiarabu, ٥, humdanganya aliyezoea sufuri ya Kizungu, na ٢ na ٣ hufanana wino ukivuja. Saba na nane, ٧ na ٨, hugeuka moja kuwa nyingine karatasi ikishikwa juu chini.

Jadwali ina dawa yake ya kujipima. Ile ya tatu kwa tatu, muthallathi ya tarakimu 1 mpaka 9, kila safu lazima itoe 15, iwe kwa kulala, kwa kusimama au kwa mshazari:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Hii ndiyo inayohusishwa na mwanachuoni Ghazali na kuitwa "buduhu", kwa herufi za pembe zake: ba 2, dal 4, waw 6, ha 8. Murabbaa ya nne kwa nne ya 1 mpaka 16 hutoa 34. Ukikuta jadwali imejengwa juu ya nambari nyingine, kwa mfano 66, toa 12, gawanya kwa 3, upate 18. Hiyo inakaa pale palipokuwa na 1, na nyingine zinafuata kwa mpango ule ule:

21 26 19
20 22 24
25 18 23

Jumlisha popote upate 66. Safu moja ikikataa, usitafute maana ya ndani. Mpiga chapa amekosea, na mara nyingi utaona ni tarakimu ipi.

Nyota ya jina ndiyo inayozua kelele kuliko yote, nayo ni nzuri kuonyeshwa kwa penseli mbele ya watu. Kanuni iliyozoeleka katika vitabu vinavyonasibishwa na Abu Maashari, mnajimu wa zamani, ni kujumlisha jina la mtu na la mama yake kwa abjadi, kisha kuondoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka libaki salio, na salio ndilo burji, yaani nyota moja kati ya zile 12, kuanzia Hamali ambayo ni 1. Chukua Ali mwana wa Fatuma. Ali ni ain 70, lam 30, ya 10: jumla 110. Fatima kwa imla ya Kiarabu ni fa 80, alif 1, ta nzito 9, mim 40, na ile ta ya mwisho ihesabiwe kama ha nyepesi (ه), 5: jumla 135. Ukiunganisha ni 245, salio 5, Asadi. Sasa aje mwingine aihesabu ta ya mwisho kuwa 400: Fatima anakuwa 530, jumla 640, salio 4, Saratani. Wa tatu aandike jina kama linavyotamkwa hapa, Fatuma, kwa fa, ta nzito, waw, mim na ha: 140, jumla 250, salio 10, Jadi. Mtu mmoja, mama mmoja, nyota tatu. Na bado hujaleta hesabu ya Maghribi, ambako shin ni 1000 badala ya 300 na sin ni 300 badala ya 60. Mkiisha kuona hivyo, swali la kikao linabadilika lenyewe: mnaanza kuulizana mwandishi huyu alifuata imla ipi, na kwa nini hakusema.

Umri wa kitabu pia unapimika. Tafuta kitu ambacho hakikuwako zama zinazodaiwa. Kitabu kinachonasibishwa na Nabii Suleiman kikitaja tumbaku, basi mkono uliokiandika ni wa baada ya safari za Amerika, kwani tumbaku ilitoka huko. Isaac Casaubon, mtaalamu wa lugha za kale, alifanya kazi ya namna hii mwaka 1614 kwa maandiko yanayonasibishwa na Hermes, mwenye hekima wa visa vya kale, yaliyoaminiwa kuwa ya Misri kabla ya Musa: alitazama lugha na mawazo yake, akaonyesha kwamba ni Kiyunani cha baada ya Masihi. Karata za tarot nazo zinasifiwa kuwa za mafarao, kumbe zilikuwa mchezo wa Italia katika karne ya 15, na habari ya Misri ilianzia kwa Court de Gébelin, Mfaransa, mwaka 1781. Hata Shamsul Maarif ndefu, kitabu cha herufi na talasimu kinachonasibishwa na al-Buni, ile ya "al-Kubra" inayoogopwa mpaka watu hawataki kulala nayo chumba kimoja, waliochunguza miswada wameiona ni mkusanyo wa karne kadhaa baada ya al-Buni. Kumwambia mtu hivyo si kumtukania elimu yake. Unamweleza anachokishika.

Kikao chenyewe kisizidi watu 8. Baada ya Isha ni wakati mzuri, saa moja na nusu, kurasa 15 hadi 20 zilizosomwa nyumbani. Kahawa chungu na tende vyatosha. Halua huchafua kurasa. Mmoja asome kwa sauti, mmoja ashike daftari. Kila anayesema aanze kwa kutaja asemalo limetoka wapi: limo kitabuni, amelisikia, au amelishuhudia mwenyewe. Sharti hili dogo hupunguza kelele kuliko mwenyekiti yeyote. Likija suala la magofu ya Gede, mji wa kale karibu na Malindi, na wazee (mizimu) wanaosemwa kuyalinda, wenye "nimesikia" waeleze wamesikia kwa nani, kisha mweke kando yake taarifa za James Kirkman, aliyeanza kuchimbua hapo 1948: msikiti, jumba, visima, vigae vya China. Maneno ya watu na ya mchimbuzi yakae meza moja bila moja kumfukuza mwenzake.

Azima (maneno ya kuamuru majini), nyiradi za kuwaita na Halbadiri (dua ya kumwapiza mkosaji) zisisomwe kikaoni hata kwa mzaha. Atakayezisoma amekwisha kuhama kutoka kujadili kwenda kutenda, na wapo waliokuja kwa sharti la kujadili tu.

Jambo la kutolegezwa hata kidogo ni jina la mtu aliye hai. Malindi na bara yote ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya mvi na shamba tu. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ya tangu 1925, inamfanya mkosaji anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa anapeleka habari kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Mtu akianza "kama yule bibi wa mtaa wa...", mkatize hapo hapo, hata kama ni mkubwa wako: "Samahani mzee wangu, majina tusiyataje." Daftari nalo lisiandike jina. Wala msipige picha ukurasa wenye jina lililoandikwa kwa mkono na kuirusha kwenye simu, kwa sababu hirizi ya mtu wa 1950 inaweza kumfikisha mjukuu wake pabaya leo.

Limebaki kasha. Katika nyumba nyingi za Lamu babu anafariki, linafunguliwa kasha, vinatoka vyuo, yaani vitabu, vya mkono na vya chapa, na nyumba inagawanyika: wa kuchoma, wa kutupa baharini, wa kumuuzia mgeni karatasi moja moja. Ukiitwa, nawa mikono uikaushe vizuri, tandika shuka safi, vitoe kimoja kimoja bila kubadilisha mpangilio. Usifungue kwa nguvu kurasa zilizogandana. Usiweke selotepu, gundi yake hula karatasi. Angalia kwenye khatima, mwisho kabisa, ambako mnakili huandika jina lake na mwaka wa Hijria. Kuupata wa Miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 uongeze 622: mwaka 1310 unakuwa 1892 au 1893. Hesabu kurasa, andika idadi, kisha tenga vya fiqhi na nahau na vya falaki, maana mara nyingi kasha lililoitwa "la uganga" lina vitabu vitatu vya falaki na ishirini vya sala. Miswada ya Msikiti wa Riyadha imekwisha kupigwa picha katika mradi wa British Library wa hifadhi zilizo hatarini, kwa hiyo wenye nyumba wakiona haya, waambie kazi hii si ngeni mjini. Kuitoa nchini bila kibali ni kuvunja Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Vikirudishwa, visirudi kwenye kidaka cha ukuta wa nje, ambao hunyonya maji wakati wa Kusi. Viwekwe kwenye rafu ya ukuta wa ndani, vikiachiwa nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake, na vifunguliwe vipate hewa kila baada ya wiki mbili.