Kuvuna umeme wa bakteria kwenye chupa ya tope

Geobacter ni bakteria aliyepatikana mwaka 1987 kwenye tope la mto Potomac, Marekani. Mahali alipo oksijeni haifiki, kwa hiyo akishakula, elektroni (chembe ndogo zinazobeba umeme) anazobaki nazo huzitua kwenye kutu iliyomo topeni. Mwekee kaboni, naye atazitua hapo, na waya wako utazipokea.

Hatua ya 1. Vaa glavu, uchote tope jeusi chini ya maji yaliyotuama. Likinuka mayai viza, ndilo lenyewe. Ondoa mawe na mizizi.

Hatua ya 2. Kata vipande viwili vya kitambaa cha kaboni, kila kimoja ukubwa wa kiganja, ukifunge waya. Maungio yapake epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, hadi yasionekane kabisa. Mimi niliyaacha wazi mara ya kwanza. Volti zikapanda siku ileile, nikashangilia. Kumbe ni shaba ya waya iliyokuwa inalika! Na shaba hiyohiyo ni sumu kwa bakteria.

Hatua ya 3. Jaza tope sentimita 5 kwenye chupa pana, laza kipande cha kwanza, kifunike kwa tope kiasi hichohicho. Gongagonga chupa mapovu yatoke. Mimina maji yasiyo na klorini polepole. Kipande cha pili kikae usawa wa maji, nusu kimelowa, nusu kinapigwa na hewa.

Hatua ya 4. Unganisha nyaya mbili kupitia rezista (kipande kinachozuia kiasi mkondo wa umeme) ya ohm 1,000, na usiitoe. Bakteria hujenga utando kwenye kaboni pale tu elektroni zinapopata pa kupita. Pima kwa multimita, yaani kipima umeme, kwenye ncha za rezista kila siku, saa ileile. Mwanzoni utaona milivolti chache tu. Vumilia wiki moja au mbili. Ukisoma milivolti 300, hiyo ni miliampea 0.3. Taa ya LED haitawaka, maana inataka karibu volti 2.

Hatua ya 5. Hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Tengeneza chupa ya pili kama hiyohiyo, ila tope lake lichemshe kwanza ili bakteria wafe, lipoe likiwa limefunikwa. Mbegu (spora) za bakteria fulani hustahimili kuchemshwa na huweza kuota baadaye, kwa hiyo linganisha siku za mwanzo. Volti za chupa zote mbili zikipanda pamoja, si bakteria; fumua uanze upya: huenda epoksi yako inavuja.